Mwenyewe Hayupo

Siku ambayo Mzee Shaweji alikosekana ilianza kwa ukimya.

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Shaweji alikuwa akinyunyiza maji kwa mkono kutoka kwenye kopo la rangi, akifagia mbele ya nyumba yake kwa ufagio wa chelewa, kisha akiugonga ufagio kwenye kizingiti, ko, ko, ili vumbi lidondoke. Huko kugonga ndiko kulikomwamsha mkewe, Bi Mashavu. Hakuwa na saa nyingine na hakuitaka. Siku hiyo hapakuwa na ko ya kwanza wala ya pili, naye akalala mpaka jua likamgusa usoni. Alipotoka nje, khanga begani, alikuta ufagio umelala njiani mbele ya jengo la jirani, kopo limebinuka kando yake, na maji yaliyomwagika bado hayajakauka.

"Baba Siwema!" aliita.

Ng'ambo ya mtaa, ghorofani, pazia la Bwana Ngwali lilifunguka kwa upana wa jicho moja. Kisha likafungwa.

*

Ili jambo hili lieleweke, isemwe kwanza habari ya sheria.

Nchi ile, ambayo jina lake halitajwi kwa kuwa bado linajadiliwa kwenye kamati, ilikuwa na wizara nyingi nzuri, na iliyozishinda zote kwa uzuri ilikuwa Wizara ya Usafi wa Mbele. Waziri wake, Mheshimiwa Kidundo, alikuwa mtu mwenye uchungu mkubwa na usafi. Aliuheshimu kiasi kwamba hakuthubutu kuugusa.

"Ndugu wananchi!" alisema siku ya kuitangaza sheria, kutoka jukwaani. "Wataalamu wetu wamezunguka mji mzima kwa magari, vioo vikiwa vimefungwa kwa sababu za kitaalamu, na wamegundua kwamba uchafu wote wa mji huu uko mbele ya majengo. Nikajiuliza, hii mbele ni ya nani? Mbele ya serikali ni maendeleo. Haiwezekani maendeleo yakawa na maganda ya ndizi! Kwa hiyo mbele hii si ya serikali. Mbele hii ni ya mwenye jengo!"

Watu walipiga makofi, hasa wale waliokuwa na askari nyuma yao.

Tangu siku ile kila mwenye jengo katikati ya mji alitakiwa kusafisha mbele yake, kuanzia ukutani, kupita njia ya waenda kwa miguu, mpaka katikati ya barabara. Atakayeshindwa angechukuliwa kwenda Wizarani kuelimishwa. Walikuwepo waliochukuliwa mwanzoni, na waliorudi walirudi wameelimika sana, hata hawakutaka kumweleza mtu walichojifunza.

Hapo ndipo wenye majengo walipokwisha mjini.

Katika Mtaa wa Shukrani, ambako Shaweji na mkewe waliishi, maafisa walibisha hodi nyumba hadi nyumba.

"Mwenyewe yupo?"

"Mwenyewe kasafiri."

"Atarudi lini?"

"Hata sisi tunamsubiri."

Bwana Ngwali alikuwa na duka la magodoro chini na vyumba vya kupangisha juu, na mpaka juzi yake alikuwa akisema "jengo langu hili" hata kwa wapita njia ambao hawakumwuliza. Usiku mmoja ulitosha. Asubuhi kibao cha Ngwali na Wanawe kilikuwa kimeng'olewa, na mahali pake pameandikwa Wapangaji Tu. Aliwaambia maafisa kwamba yeye amepanga kwa mpangaji wake. Mpangaji aliwaambia amepanga kwa Ngwali. Maafisa walipanda ngazi na kushuka mpaka wakaishiwa pumzi, wakapewa soda, wakaenda zao. Watoto wa chekechea wa mtaa ule walijua kusema "mwenyewe hayupo" kabla ya kujua "shikamoo". Na jengo la Wizara lilipoulizwa mwenyewe ni nani, likajibu kupitia msemaji wake kwamba ni mali ya wananchi, kwa hiyo mwananchi yeyote aliyepita pale alipewa ufagio.

Takataka zikapanda. Serikali haikuvunjika moyo, iliongeza kifungu. Mwenyewe asipojitokeza, kilisema, atakayeonekana akifagia mbele ya jengo ndiye mwenyewe.

Kifungu hicho kiliumaliza mji. Watu walianza kuuangalia ufagio kama wanavyoangalia panga lililokutwa kwenye nyumba iliyoibiwa. Fagio zikafichwa chini ya vitanda, zikafungwa kwenye mikeka, zikasafirishwa mashambani kwa ndugu. Jirani akiona kizingiti cha mwenzake kimetakata, alisimama akakitazama, akauliza taratibu, "Mbona kwako hakuna vumbi?"

"Upepo tu, ndugu yangu. Upepo umepita hapa."

"Kwangu haukupita."

*

Shaweji peke yake hakubadilika. Alikuwa fundi wa zipu na mikoba, na nyumba yake ndogo ya bati ilikuwa yake kweli, naye hakuona sababu ya kuikana. "Nyumba yangu, vumbi langu," alisema, na maafisa hawakujua la kumfanya mtu aliyetii sheria. Walimpita haraka, kama wapitavyo mgonjwa wa kuambukiza.

Shida ilikuwa jirani yake. Ubavuni mwa nyumba ile palisimama Jengo Refu, la marumaru na vioo vya moshi. Kila mtu alijua ni la nani, na kwa sababu hiyo hakuna aliyejua. Gari jeusi lenye mapazia liliingia kwa uani na kutoka kwa uani. Juu barazani palikuwa na karamu, na kutoka kwenye karamu vilishuka maganda ya kamba, shingo za chupa na mashada ya maua yaliyokwisha kupongeza watu. Mbele ya Jengo Refu palikuwa pachafu kuliko pote.

Kati ya mbele yake na mbele ya Shaweji palikuwa na ufa kwenye saruji. Huo ndio uliokuwa mpaka. Lakini mkono wa Shaweji haukusoma sheria. Kila alipofagia, ufagio ulivuka ufa na kwenda mbele kidogo, kwa sababu vumbi likiachwa mpakani hurudi.

"Baba Siwema, ishia kwenye ufa," mkewe alimwambia mara nyingi.

"Nikiishia kwenye ufa, upepo unanirudishia."

"Acha ukurudishie. Wewe unafagia, mtaa mzima unakutazama. Huoni mapazia?"

"Wanatazama kwa sababu hawana la kufanya. Mkono una mwendo wake, Mama Siwema. Ukiukatiza ghafla, unateguka." Kisha aligonga ufagio, ko, ko, akaingia ndani kuomba chai.

*

Bi Mashavu aliokota ufagio na kopo, akaviweka ndani, akavuka mtaa. Alibisha kwa Bwana Ngwali, rafiki ambaye jioni ya jana yake tu alikuwa amekaa na mumewe wakinywa kahawa kutoka dele moja.

"Hodi!"

"Mwenyewe hayupo!" sauti ya Ngwali ilijibu.

"Ngwali, ni mimi, Mashavu."

Kitasa kikageuka. "Karibu, shemeji. Karibu. Ulikuwa na shida?"

"Mume wangu hayupo."

"Eh! Na yeye kaanza kusema hivyo?"

"Ngwali, usinifanyie mzaha. Nimekuona dirishani."

"Nilikuwa naangalia kama mvua itanyesha."

"Kwa jicho moja?"

Ngwali akaketi juu ya godoro lililofungwa nailoni, likalia chini yake. Alijifuta shingo. "Shemeji, nakuapia, mimi sikusema neno baya. Jana walikuja kuniuliza, pale mbele ya Jengo Refu anafagia nani? Nikasema Shaweji. Wakasema, Shaweji yupi? Nikasema, Shaweji mwenyewe, huyu huyu wa zipu. Sasa hapo nimekosea wapi? Wakatazamana, wakashukuru, wakaondoka."

"Na leo?"

"Leo wakamwuliza yeye. Niliwasikia. 'Mzee, nani anafagia hapa?' Akajibu kama mtu yeyote anavyojibu. 'Mimi mwenyewe.'" Ngwali aliinamisha kichwa. "Na alicheka, shemeji. Alidhani wamekuja kumpongeza."

Bi Mashavu hakulia. Alimtazama Ngwali, akatazama viatu vyake, akatazama ukutani. Kalenda mpya ya Wizara ya Usafi wa Mbele ilikuwa imetundikwa pale, yenye picha ya Mheshimiwa Kidundo akiwa ameshika ufagio ambao bado ulikuwa na bei.

"Kalenda hiyo umeipata lini?"

"Hii?" Ngwali aliigeukia kama anayeiona kwa mara ya kwanza. "Ililetwa na upepo."

"Upepo wa mtaa huu una mikono," Bi Mashavu alisema, akaondoka.

*

Wizarani alipokelewa na Afisa Mtengeti, mtu mpole mwenye tai fupi, ambaye alimkaribisha kiti, akamsifu kwa kuja kwa miguu yake, akamwuliza amsaidie nini.

"Nimemfuata mume wangu. Shaweji."

"Ah! Mwenye Jengo Refu."

"Mume wangu hana jengo refu. Ana nyumba ya bati yenye mlango mmoja, na mlango wenyewe unakwama."

"Mama, mzee alikiri. Aliulizwa mbele ya mashahidi nani anafagia hapa, akajibu, mimi mwenyewe. Sisi hatukumtia neno mdomoni."

"Kila mtu husema hivyo!"

"Na kila mtu tutamfikia," Afisa Mtengeti alisema kwa upole. "Tatizo lililotupata ni jingine. Tulipomfikisha hapa, mzee akageuka. Akasema yeye si mwenyewe. Tukamwuliza tena na tena, kwa njia mbalimbali, akashikilia kwamba yeye si mwenyewe. Basi tukaelewa kuwa mwenyewe hayupo. Na asiyekuwepo, mama, hatuwezi kumwachia."

Bi Mashavu alishika ukingo wa meza. "Kwa hiyo mume wangu yupo au hayupo?"

"Mfagiaji yupo. Mwenyewe hayupo. Anatafutwa."

"Basi nipe mfagiaji niende naye nyumbani."

"Mfagiaji ndiye mwenyewe. Kifungu kiko wazi. Serikali hii haiwezi kumgawa mtu vipande viwili."

"Basi nimwone tu. Hana kofia. Kofia yake ameiacha msumarini."

Kwa muda mfupi Afisa Mtengeti alionekana kama mtu mwenye kofia yake mwenyewe kwenye msumari fulani. Kisha akakohoa. "Nikupe faraja, mama, ingawa si kazi yangu. Tutaendelea kumtafuta maadamu mbele ya jengo lake panafagiwa. Pakiacha kufagiwa, jengo halina mwenyewe. Na kama halina mwenyewe, tutamtafuta nani? Atakuwa hata hatafutwi."

Mlangoni afisa aliongeza kwa sauti ya chini, "Ufagio unao?"

*

Kesho yake asubuhi Bi Mashavu alinyunyiza maji kutoka kwenye kopo la rangi. Alianza kizingitini kwake, akafika kwenye ufa, akasimama. Aliona mapazia ya mtaa mzima yakipumua. Akavuka.

Hakuwahi kujua kazi ile ni nzito kiasi gani. Maganda ya kamba yalikuwa yameshikana na saruji, na chelewa zilikatika. Watu waliopita walihamia ng'ambo. Mama mmoja waliyezoeana naye tangu ujana alimsalimia huku akitazama mbinguni, ili isije ikasemwa kwamba walisalimiana. Usiku ukafika, na asubuhi akafagia tena, na tena, mpaka marumaru ya chini ya Jengo Refu ikaonekana rangi yake, ambayo wengi hawakuwahi kujua kwamba ni ya kijani.

Alimaliza kila mara kwa kurudi kwenye kizingiti chake. Alijaribu kugonga ufagio kama alivyogonga mumewe, lakini yeye aligonga kwa nguvu mno, na haikuwa sauti ile.

Ngwali alivuka siku moja, akajifanya anafunga kamba ya kiatu karibu naye. Kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

"Shemeji, watakuchukua."

"Wanichukue. Wanipeleke alikopelekwa."

"Mtaa unasema wewe unatumwa. Wanasema huwezi kufagia bila hofu kama hutumwi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi?" Ngwali alitazama huku na huku. "Mimi nafunga kiatu."

*

Ikafika Siku ya Taifa ya Mbele. Kila mwaka Mheshimiwa Kidundo alihutubia mahali pasafi kuliko pote mjini, na mwaka ule watangulizi wake walizunguka mji mzima wakarudi na jibu moja: pasafi palikuwa mahali pamoja tu, mbele ya Jengo Refu. Inasemekana Mheshimiwa alipoambiwa aliuliza kama hakuna pengine, hata padogo. Hapakuwa na pengine.

Basi jukwaa likajengwa pale. Bendi ikaja, maafisa wakaja, na wakazi wa Mtaa wa Shukrani wakaja, kila mmoja akisimama mbali kidogo na jengo lake.

"Ndugu wananchi!" Mheshimiwa alianza. "Tazameni chini ya miguu yenu! Haya ndiyo matunda ya sera! Hapa unaweza kula wali bila sahani! Nauliza, ni mikono ya nani iliyotii sheria namna hii? Nani anafagia hapa?"

Swali lile alilipenda, na alikuwa ameliuliza katika miji mingi, ambako jibu lake huwa kimya. Aliinua mkono kuendelea na hotuba.

"Mimi mwenyewe," alisema Bi Mashavu.

Alikuwa amesimama kwenye ufa, ufagio mkononi, kofia ya mumewe kwapani. Watu waliokuwa karibu naye walisogea, akabaki katikati ya duara. Askari wawili wakamkaribia. Afisa Mtengeti akapanda jukwaani mbio na kumnong'oneza Waziri sikioni, na uso wa Waziri ukachangamka.

"Mwacheni, mwacheni!" alisema. "Mama huyu ni mke wa mwenyewe! Mumewe, mwenye jengo hili kubwa, ametoroka wajibu wake, lakini mke huyu mzalendo anaushika! Makofi kwa mke wa mwenye Jengo Refu!"

Makofi yakapigwa. Mheshimiwa akaamuru apewe ufagio mpya wenye utepe. Bi Mashavu hakuupokea.

"Mheshimiwa, nimeshukuru," alisema. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini bendi ilikuwa imenyamaza. "Ufagio ninao. Kama jengo hili ni la mume wangu, basi naomba funguo."

"Funguo?"

"Funguo za mlango. Nyumba yetu bati linavuja. Nataka kuhamia kwenye jengo la mume wangu, nimsubirie humo."

Mheshimiwa Kidundo alitazama juu, kule barazani, ambako soksi za kijani zilizofanana sana na zile alizovaa zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba. Mtaa mzima ukatazama juu pamoja naye. Kisha mtaa mzima ukatazama miguu yake.

"Funguo," alisema hatimaye, "funguo anazo mwenyewe."

"Na mwenyewe mnaye nyinyi."

Kijasho chembamba kilimtoka Waziri kwenye mdomo wa juu. Kusema jengo si la Shaweji ilikuwa ni kuulizwa ni la nani. Kusema ni la Shaweji ilikuwa ni kutoa funguo. Alimtazama Afisa Mtengeti, naye Mtengeti alikuwa akiitazama tai yake.

"Mpeni funguo," sauti fulani ilisema kutoka nyuma.

Vichwa viligeuka. Alikuwa Ngwali.

"Nimekohoa," Ngwali alisema haraka, akashika koo. "Vumbi." Lakini hapakuwa na vumbi, na kila mtu aliliona hilo. Mwingine akakohoa vilevile, kisha mwingine, na kikohozi kikazunguka mtaa, funguo, funguo, mpaka ikawa vigumu kumjua aliyeanza.

Mheshimiwa aliinua mikono yote miwili. "Suala hili lina mbele na lina nyuma," alisema. "Mbele yake tumeiona. Nyuma yake tunawaachia wataalamu. Bendi!"

Bendi ikapiga. Mheshimiwa akaingia kwenye gari jeusi, ambalo liliondoka kwa kasi, likazunguka mtaa wote, likaingia uani kwa Jengo Refu, kama watu wengi walivyoliona na hakuna aliyeliona.

*

Funguo hazikutolewa. Hakuna aliyesema kwamba hazitatolewa. Suala liko kwa wataalamu. Sheria haikufutwa, ila maafisa wameacha kuuliza maswali katika Mtaa wa Shukrani. Watu wamerudia kuishi, kwa tahadhari. Siku hizi ukimwita mtu kwa jina pale, ukamwuliza kama ndiye, anajibu, "Labda." Takataka zote zimehamia uani, kwa kuwa sheria inahusu mbele tu, na Mheshimiwa huingia nyumbani kwake, ambako si kwake, akiwa ameshika pua na kupandisha suruali. Mlango wa mbele hathubutu kuugusa.

Ngwali ameitoa ile kalenda. Anasema upepo umeichukua. Jioni huleta kahawa mpaka kwenye ufa, akaiacha hapo, akarudi kwake. Bi Mashavu huinywa. Bado hajaamua kama anamwamini.

Mabegi ya wateja yangali yametundikwa ukutani, mengine zipu zimefungwa, mengine yako wazi. Kofia imerudishwa msumarini. Shaweji hajarudi, na Wizara inasema anatafutwa. Mbele ya Jengo Refu panafagiwa kila asubuhi, na anayefagia ni Bi Mashavu mwenyewe.